Ekzosi kuunguruma si kipimo cha nguvu ya gari la turbo

Wenye magari wengi, Dodoma na kwingineko, huamini kwamba Subaru ya turbo ikifungwa ekzosi ya bei nafuu ikaanza kuunguruma, nguvu imeongezeka. Inaeleweka: sikio ndilo hupata habari kwanza.

Turbo, yaani feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, huzungushwa na moshi wa injini. Presha ikipungua kwenye bomba baada ya turbo, turbo hushika kasi mapema zaidi. Kwa hiyo bomba pana linaweza kusaidia kweli, ila pana wapi? Mbano mkubwa mara nyingi uko kwenye kipande kinachoungana na turbo yenyewe, na kwenye masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi ndani ya bomba. Sailensa ya nyuma, ambayo wengi huianza kwa kuwa ni rahisi kufunga, hubadilisha zaidi sauti. Kung'oa masega nisingeshauri. Moshi unabaki na sumu nyingi zaidi. Tena njia ikifunguka mno, presha ya turbo inaweza kupita kiwango kilichopangwa, na injini ikaumia.

Unaweza kupima mwenyewe kabla na baada ya kufunga: barabara ileile tambarare isiyo na watu, gia ileile, mzigo uleule, abiria akihesabu sekunde kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa. Pima mara kadhaa, zote asubuhi, maana joto la mchana hupunguza nguvu.

Kisha chungulia maungio ya bomba la ekzosi. Masizi meusi yakionekana hapo, moshi unavuja, na huo mngurumo huenda ni gasketi tu, kile kizibo cha kwenye maungio, iliyoharibika.