Mbona Kwale wapate pesa kutushinda? Maneno ya barazani kuhusu pesa za afya

Mtu akienda hospitali akaambiwa dawa kanunue nje, jioni yake kwenye kahawa hukosi mjuzi atakaesema ni fomula, ile ya kugawia kaunti pesa toka serikali kuu, ati Nairobi wanatupunja sisi wa Mombasa. Mi nimechoka kubishana kwa mdomo bora niandike, manake hii fomula kila mtu anaitaja na wengi hawajawahi kuiangalia.

"Kaunti yenye watu wengi ndo yapata pesa nyingi"

Ingekuwa hivyo Mombasa tungekuwa twala raha. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333, Kwale 866,820. Sasa tazama mgao wa mwaka wa fedha 2021/22, Mombasa shilingi bilioni 7.57, Kwale bilioni 8.27! Ukigawanya kwa kichwa Mombasa inakuja kama 6,260, Kwale 9,500 na kitu, Lamu inapita 21,000. Sio uchawi. Kwenye fomula ya wakati ule, ya tatu (sasa twatumia ya nne), idadi ya watu ilibeba asilimia 18 tu, sehemu sawa kwa kila kaunti 20, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ardhi 8, barabara za mashambani 8, miji 5. Sasa sisi wa mjini kilimo twalima wapi, Buxton kwenye majumba? Na isitoshe kuna fungu halikupita hapo kabisa, lilifuata mgao wa 2019/20 ili kaunti zisiporomoke ghafla.

Na kabla hujawaonea gere watu wa Lamu, wao hawafiki hata laki moja na nusu, ile sehemu sawa wanagawana wachache ndo kwa kichwa yaonekana kubwa, lakini chumba cha upasuaji gharama yake ni ileile uwe na watu laki moja ama milioni, na boti ya kumtoa mgonjwa Faza usiku haikupunguzii mafuta eti kwa sababu mko wachache.

"Ile 17 ya afya lazima itumike kwa afya"

La, na hapa ndo wengi wanateleza. Ile ilikuwa ya kupima kaunti ina mahitaji kiasi gani, yaani vituo vilivyopungua, wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na siku watu wanazolala wodini. Pesa ikishaingia kaunti haina jina tena, ni gavana na bunge la kaunti wanaokaa na kuamua ngapi iende dawa, ngapi mishahara, ngapi barabara. Zamani hospitali kubwa kama Coast General ya hapa Mombasa zilikuwa na fungu lao toka serikali kuu, lile kweli lilikuwa na jina, lakini tangu 2021/22 likatiwa kapu moja na zengine. Kwa hivyo ukikosa panadol usianzie Nairobi, anzia bajeti ya hapa kwetu.

"Bandari ni yetu, pesa zibaki"

Ushuru wa bandarini ni wa serikali kuu. Katiba kifungu cha 203 yasema kaunti zote 47 kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa. Unaweza kununa lakini ndo sheria. SHA nayo, bima ya afya ya serikali, usiichanganye humu, ile yalipa hospitali kwa huduma iliyotolewa, haina habari na fomula.

"Sensa yahesabu wenyeji"

Sensa yahesabu ulilala wapi usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, basi. Sasa hebu fikiria jamaa anafanya kazi Mombasa, akiumwa anatibiwa Mombasa, lakini kapanga Mtwapa manake kodi huko nafuu, na Mtwapa ni Kilifi. Kichwa chake kimeandikwa kule, kitanda anakilalia huku. Fomula ya tatu angalau ilikuwa yahesabu na wagonjwa wanaofika hospitalini, kwa hivyo akija kutibiwa huku kidogo alikuwa anaonekana kwetu. Hii ya nne iliyoanza 2025/26 imerudisha idadi ya watu hadi 45, sehemu sawa 35, umaskini 12, ardhi 8, na afya haimo kabisa. Watu huku wanashangilia ile 45, mi namuwaza yule wa Mtwapa.