Uchanganuzi wa Maudhui Si Kusoma na Kutoa Maoni

Malalamiko kuhusu maandiko ya kuomba idhini ya utafiti yanayorudishwa na kamati yetu yameongezeka, hasa kutoka kwa watafiti wa saikolojia wanaotumia uchanganuzi wa maudhui, yaani mbinu ya kupanga matini katika kategoria kwa kanuni zilizowekwa na kuzihesabu. Hatutilii shaka nia ya waombaji. Hata hivyo, andiko linalosema tu kwamba mtafiti “atasoma shajara na kubaini hisia” halijataja mbinu yoyote, na kulirudisha si uonevu.

Mwongozo wa usimbaji, yaani kanuni za kuipa kila sehemu ya matini alama ya kategoria yake, ndio moyo wa kazi hii. Ni lazima utaje kipashio kinachohesabiwa, kiwe neno, sentensi au shajara nzima, ubainishe mipaka ya kila kategoria, na utoe mifano ya matini inayoingia na isiyoingia. Programu inayohesabu neno “huzuni” bila kanuni hizo itamweka aliyeandika “sina huzuni tena” pamoja na mwenye huzuni.

Wasimbaji wasiopungua wawili hufanya kazi kila mmoja peke yake juu ya sampuli ileile. Wengi hutuletea asilimia ya makubaliano pekee, na hapa tunalazimika kurudia: asilimia hiyo haitoshi. Wasimbaji wawili ambao kila mmoja huweka alama ya “hakuna hasira” kwenye asilimia 90 ya sentensi wangekubaliana kwa takriban asilimia 82 hata kama wangebahatisha tu. Ndiyo sababu mwanasaikolojia Jacob Cohen alipendekeza kipimo cha kapa mwaka 1960, kinachoondoa makubaliano ya bahati. Kipimo kingine, alfa ya Krippendorff, hufanya vivyo hivyo, na hufaa pia pale wasimbaji wanapozidi wawili au baadhi ya alama zinapokosekana. Kwa alfa hiyo, ambayo 1 ni makubaliano kamili, 0.80 ndicho kiwango kinachotarajiwa kwa kawaida, na kati ya 0.667 na 0.80 huruhusu hitimisho la tahadhari tu.

Matini kuonekana hadharani hakumaanishi kwamba mwandishi wake ameridhia kuchunguzwa. Aidha, kutajwa mara nyingi kwa kifo katika barua za mtu si utambuzi wa ugonjwa.

Kipimo cha makubaliano hukokotolewa kabla wasimbaji hawajajadili tofauti zao. Anayekokotoa baada ya majadiliano na kuwasilisha tarakimu hiyo kama ya awali huhesabiwa kuwa ametoa taarifa isiyo ya kweli. Idhini yake husimamishwa, usimbaji hurudiwa na wasimbaji wapya, na majedwali ya alama za awali huambatishwa kabla ya maombi kusikilizwa upya.