Mwalimu akikosea ubaoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Mwalimu akikiri kosa, wanafunzi watamdharau.

Ukweli ni kwamba kosa huwa wameshaliona kabla yake. Ameandika 3/4 + 1/2 = 4/6, na nyuma ya darasa watu wanagusana viwiko. Akifuta kimyakimya, watakachobaki nacho ni kwamba kosa ni aibu ya kufichwa. Akigeuka akasema, "Hebu ngojeni. Nilikuwa na robo tatu, nikaongeza nusu, mbona nimepata pungufu ya nilichoanza nacho?" hapo wameona kosa linavyokamatwa: unalitilia shaka jibu, unarudi lilipoharibikia, unazipa sehemu zote mbili asili moja (namba ya chini), unafika 5/4. Jibu lililonyooka tangu mwanzo halionyeshi hayo.

Ila tusidanganyane, kukiri kosa hakumwokoi aliyeingia darasani bila maandalizi. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waliwasikilizisha watu rekodi za mshiriki wa chemsha bongo. Aliyejibu vizuri sana, kisha akajimwagia kahawa, alipendwa zaidi. Aliyejibu ovyo, kahawa ilimshusha zaidi.

Dhana: Uvumilivu huingia kwa kuhubiriwa.

Hata asiyejua kuongea hujifunza kwa kutazama. Katika utafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, watoto wachanga wa takriban miezi 15 walimwona mtu mzima akihangaika kutoa kitu ndani ya chombo mpaka akafaulu. Wengine walimwona akikitoa bila taabu. Kisha wote walipewa kichezeo chenye kitufe kisichofanya kazi. Waliokuwa wameona mahangaiko walikibonyeza mara nyingi zaidi.

Dhana: Mwalimu mstahimilivu hachoki wala hakasiriki.

Anachoka, na siku nyingine anafoka. Kinachomtofautisha ni asubuhi inayofuata: "Jana niliwafokea bila sababu. Samahani." Basi, daftari zinafunguliwa.

Dhana: Kuwa muwazi ni kusimulia kila kitu.

Madeni yako na ugomvi wa nyumbani si mzigo wa mtoto. Kipimo ninachokitumia ni hiki: nikimaliza kusimulia, nani atalazimika kumtuliza mwenzake? Kama ni mwanafunzi, habari hiyo ingoje mapumziko, nikamwambie mwalimu mwenzangu.