Umalei Hauko Kwenye Damu: Dhana Potofu Kuhusu Wamalei na Majirani Zao

Kila mwaka, kabla ya kundi la wanafunzi kuondoka kwenda kusoma Malaysia, huitwa niwafundishe kwa siku mbili historia na mila za nchi wanayoiendea. Kazi hiyo nimeifanya kwa muda wa kutosha kuyajua maswali kabla hayajaulizwa, na mengi kati yake hunifurahisha. Liko moja lililonichosha, nalo mwaka huu liliulizwa na watu watatu katika asubuhi moja, kila mmoja akiwa na hakika kwamba jibu lipo na kwamba mimi ndiye ninayelificha: "Wamalei hasa ni damu ya wapi?" Nikieleza kwamba swali lenyewe limeanza vibaya, naambiwa kila kabila lina damu yake. Basi hapa nalijibu kwa urefu, na mengine nitayapitia kwa ufupi.

Dhana: Umalei ni nasaba, na asiyezaliwa nao hawezi kuupata

Tuanze na maandishi yenyewe ya sheria. Ibara ya 160 ya Katiba ya Malaysia inamtaja Mmalei kuwa ni mtu anayekiri dini ya Uislamu, anayezungumza Kimalei kwa mazoea na anayefuata ada za Kimalei. Linaongezwa sharti la makazi: awe alizaliwa katika Shirikisho au Singapore kabla ya siku ya uhuru, yaani tarehe 31 Agosti 1957, au mmoja wa wazazi wake awe alizaliwa huko, au siku hiyo awe alikuwa mkaazi wa huko, au awe mzawa wa mtu wa namna hiyo. Soma tena ibara hiyo polepole. Dini imo, lugha imo, ada imo, mahali pamo. Kabila la babu halimo.

Watunga katiba hawakusahau kuliweka. Sheria ya mwaka 1913 iliyotenga ardhi ya Wamalei katika majimbo manne yaliyokuwa chini ya Waingereza, wakati mashamba ya mpira yalipokuwa yakimeza vijiji, ilidai kwamba Mmalei awe wa "jamii yoyote ya Kimalei", na neno hilo "yoyote" lilifungua mlango kwa Wajava, Wabugis, Waminangkabau na wengine, mradi wawe Waislamu na wazungumze Kimalei au mojawapo ya lugha za jamii hizo. Kedah ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya ardhi ilimhesabu pia Mwislamu mwenye kuzungumza Kimalei ambaye mzazi wake mmoja ni wa asili ya Kiarabu. Kwa hiyo mjukuu wa Mhadhrami, ambaye Mombasa au Unguja angeitwa Mshihiri, aliweza kununua shamba kama Mmalei upande mmoja wa mpaka wa jimbo na kukataliwa upande wa pili, bila damu yake kubadilika njiani.

Wanafunzi wangu huona haya ni mambo ya makarani wa kikoloni. Basi na tuwatazame wakubwa wenyewe. Ukoo wa masultani wa Selangor ulianzishwa katika karne ya 18 na Wabugis waliotoka Sulawesi. Negeri Sembilan ilimleta mtawala wake wa kwanza kutoka Pagaruyung, katika nchi ya Waminangkabau huko Sumatra, na hadi leo ardhi ya ukoo katika jimbo hilo hurithiwa upande wa mama. Tunku Abdul Rahman, waziri mkuu wa kwanza, mama yake alikuwa na asili ya Siam. Babu wa Mahathir Mohamad kwa upande wa baba alitoka Kerala, kusini mwa India. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye Umalei wake ulikuwa wa kukopa. Wote walikuwa Wamalei kamili kwa mujibu wa sheria, kwa macho ya jamii na kwa nafsi zao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kubuni, ila mambo yake yametokea mara nyingi mno. Ndugu wawili wanaondoka Java mwanzoni mwa karne ya 20 kutafuta kazi. Mmoja anashukia Johor, mwingine anashukia Deli, karibu na Medan huko Sumatra, Indonesia ya leo, ng'ambo ya mlango bahari wa Melaka. Wote wanaoa, wanazaa, wanaswali misikitini, wanaongea Kimalei sokoni. Leo mjukuu wa yule wa Johor anajaza fomu ya serikali na kujiandika Mmalei, na mjukuu wa yule wa Deli ni Mjava. Nchini Indonesia Wamalei ni kabila moja kati ya mamia. Katika sensa ya mwaka 2010 walikuwa kama asilimia 2.3 ya wananchi, huku Wajava wakiwa takribani asilimia 40. Hata neno bangsa limegawanyika: Mmalaysia akisema bangsa Melayu anawataja watu wa asili yake, ilhali Mwindonesia akisema bangsa Indonesia anataja taifa zima, na kabila huliita suku. Atakayekwenda huko bila kulijua hili atasoma magazeti ya nchi hizo mbili na kuelewa nusu.

Anayetaka kuona uzito wa tofauti hiyo na auangalie mwezi Machi 1946. Waingereza walikuwa karibu kuunda Muungano wa Malaya, ambao ungewanyang'anya masultani mamlaka yao na kuwapa wahamiaji wengi uraia sawa na wenyeji. Tarehe 1 hadi 4 ya mwezi huo vyama vya Wamalei vilikutana Kuala Lumpur, na kutokana na mkutano huo kikazaliwa mwezi Mei chama cha UMNO chini ya Onn Jaafar. Kumtetea sultani kukawa ndiko kuutetea Umalei. Katika siku hizohizo, Sumatra Mashariki, wapiganaji wa mapinduzi ya Indonesia waliwavamia masultani na watu wao kwa kuwaona vibaraka wa Waholanzi. Mshairi Amir Hamzah, wa ukoo wa kifalme wa Langkat, naye aliuawa humo, na baadaye Indonesia ikamtangaza shujaa wa taifa. Maji yanayotenganisha pwani hizo mbili ni mlango bahari tu. Upande mmoja Umalei uligeuka kuwa bendera ya kuanzisha chama kilichotawala kwa miaka zaidi ya 60, na upande wa pili kuitwa bwana wa Kimalei kulitosha kukutia kaburini. Mwenye kuamini kwamba siasa hutoka kwenye damu na anieleze kilichotokea.

Dhana hii ya damu inatoka wapi, basi? Kwa sehemu kubwa imetoka kwa wasomi wa Ulaya. Mjerumani Blumenbach, katika andiko lake la mwaka 1795, aliwagawa wanadamu wote katika jamii tano na kuiita mojawapo ya Kimalei, akiwatia humo hata watu wa visiwa vya Pasifiki. Mgawanyo huo umekwisha kuachwa na sayansi, lakini umebaki shuleni. Ufilipino ndipo unapoonekana vizuri zaidi: vizazi vimefundishwa kwamba José Rizal, shujaa wa taifa lao, ni fahari ya jamii ya Kimalei, na mwaka 1963 Rais Macapagal alishiriki kuanzisha Maphilindo, umoja wa Malaya, Ufilipino na Indonesia uliojengwa juu ya undugu huo, ukavunjika upesi kwa ugomvi wa Indonesia na Malaysia. Mkatoliki wa Manila anayejiita Mmalei kwa kufuata Rizal, akifika Kuala Lumpur, atakuta kwamba kwa katiba ya huko hahesabiwi Mmalei hata kidogo.

Msikilizaji wa pwani yetu hapaswi kuona ugumu katika haya. Sisi tumebishana miaka mingi kuhusu Mswahili ni nani, na tunawajua watu ambao babu zao walitoka bara, Bukini au Hadhramaut, na ambao lugha, dini na malezi ya mtaa viliwafanya Waswahili ndani ya vizazi viwili. Kwa Kimalei liko neno la kale, masuk Melayu, kuingia Umalei, lililotumika kwa maana ya kusilimu. Waminangkabau nao husema ada imeegemea sharia, na sharia imeegemea Kitabu cha Mwenyezi Mungu: adat, syarak, Kitabullah, maneno ambayo sikio la Mswahili linayapokea bila mkalimani.

Hata hivyo naomba nisieleweke vibaya, kwa sababu wapo wanaotoka darasani wakisema kwamba basi Umalei ni uzushi. Mlango unaofunguliwa kwa sheria hufungwa pia kwa sheria, na wenye kubanwa nao ni watu wa kweli. Kwa kuwa dini ni sharti, anayezaliwa Mmalei hawezi kuiacha kwa hiari yake: mwaka 2007 Mahakama ya Shirikisho ilikubali, majaji wawili kwa mmoja, kwamba neno Uislamu haliondolewi kwenye kitambulisho bila hati ya mahakama ya sharia. Na Mchina anayesilimu, akazungumza Kimalei na kula na kuoa kwa Wamalei, kwa kawaida hubaki Mchina katika madaftari ya serikali. Fadhila ambazo ibara ya 153 ya Katiba inawatengea Wamalei, yaani nafasi za masomo, kazi za serikali na leseni, pamoja na sera ya uchumi iliyoanza mwaka 1971 baada ya ghasia za Mei 1969, zimefanya ulinzi wa mlango huo kuwa jambo la mkate wa kila siku. Ushauri wangu, ambao wanafunzi wameuchoka lakini sitauacha: kabla hujauliza mtu ni Mmalei au siye, jiulize uko nchi gani na sheria unayoisoma ni ya mwaka gani.

Dhana: Mmalei na Mmalaysia ni mtu yuleyule

Wachina na Wahindi wa Malaysia ni Wamalaysia kwa uraia. Wamalei wako pia Brunei, Singapore, Sumatra, na katika majimbo ya Pattani, Yala na Narathiwat, ambayo mkataba wa mwaka 1909 kati ya Uingereza na Siam uliyaacha ndani ya nchi inayoitwa leo Thailand.

Dhana: Bumiputera maana yake ni Mmalei

Waiban, Wabidayuh na Wakadazandusun wa Sarawak na Sabah ni bumiputera, yaani wana wa ardhi, na wengi wao ni Wakristo. Jambo linaloniuma ni kwamba Orang Asli, wenyeji wa kale kabisa wa rasi ya Malaya, hawatajwi katika ibara ya 153 pamoja na Wamalei na wenyeji wa majimbo hayo mawili.

Dhana: Umalei ulianza na Uislamu

Jiwe la Kedukan Bukit, lililopatikana karibu na Palembang huko Sumatra, limeandikwa kwa Kimalei cha kale mwaka 682, katika dola ya Kibudha ya Srivijaya. Melaka ya Kiislamu ilikuja zaidi ya miaka 700 baadaye.

Dhana: UNESCO imeamua batiki ni ya Indonesia, hivyo Malaysia imeiiba

Orodha ya urithi usioshikika haitoi hatimiliki. Indonesia iliorodheshewa batiki yake mwaka 2009, mwaka huohuo ambao watu wa Jakarta waliandamana kwa hasira baada ya ngoma ya Pendet ya Bali kuonekana katika tangazo la televisheni kuhusu Malaysia. Ngoma ile ni ya Bali kweli, na tangazo lilikosea. Lakini pantun, shairi la mistari minne, liliorodheshwa mwaka 2020 na nchi zote mbili kwa pamoja, na kebaya, vazi la kike, mwaka 2024 na nchi tano.

Dhana: Wamalei wa Cape Town walitoka Malaysia

Nchi ya Malaysia iliundwa mwaka 1963. Sheikh Yusuf, aliyefikishwa Cape na Waholanzi kama mfungwa mwaka 1694, alikuwa Mmakassar wa Sulawesi, na Tuan Guru, mwanazuoni aliyefungwa huko na Waholanzi hao, alizaliwa kisiwani Tidore, Indonesia ya leo. Jina la Kimalei lilishika kwa sababu lugha hiyo ilikuwa ya mawasiliano kati ya watumwa na wafungwa waliotoka Bengal, pwani ya Malabar, Java na visiwa vingine. Na miongoni mwa mababu wa watu wanaoitwa Wamalei katika mitaa ya Bo-Kaap wamo waliochukuliwa Madagaska na Msumbiji.