Je, wajua kinachomuua silikanti anapopandishwa juu?

Tangu mwaka 2004, wavuvi wa Tanga, wakiwemo wa Kigombe, wamekuwa wakinasa silikanti katika majarife yanayotegwa kwa ajili ya papa. Samaki huyu alidhaniwa ametoweka zama za dinosaria, hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Akinaswa, kwa kawaida hufa ndani ya saa chache. Wengi husema amezoea mgandamizo wa maji ya kina, kwa hiyo akifika juu hupasuka kwa ndani.

Hayo ni ya chewa, si ya silikanti. Chewa ana bondo, yaani mfuko wa ndani wa kumsaidia kuelea, lililojaa gesi. Kwenye kina cha mita 100 mgandamizo ni takriban mara 11 ya ule wa juu, hivyo lita moja ya gesi ingetaka kuwa lita 11 anapovutwa. Ndiyo maana hufika macho yamemtoka na tumbo limesukumwa hadi mdomoni. Silikanti, mahali pa bondo, ana kiungo kilichojaa mafuta, na mafuta hayatanuki hivyo. Chukua chupa mbili laini za plastiki, moja ya hewa, moja iliyojazwa mafuta ya kupikia hadi mdomoni. Zifunge, zishushe baharini kwa kamba. Ya hewa itabonyea. Ya mafuta itabaki na umbo lake, ikishuka na ikipanda.

Kinachomuua ni kukosa oksijeni. Mchana hujipumzisha mapangoni, kwenye maji ya nyuzi 16 hadi 22 hivi, mwili ukitumia nguvu kidogo mno. Matamvua yake ni madogo kwa samaki anayeweza kufika kilo 90, lakini huko chini yanamtosha. Usiku akitoka kuwinda hukutana na jarife. Hupambana mpaka achoke, kisha huvutwa hadi maji ya nyuzi 27 au zaidi. Hapo mambo matatu humwangukia pamoja: maji ya moto hubeba oksijeni pungufu, mwili huidai zaidi, na damu yake huishika vibaya. Kumtia kwenye pipa la maji ya juu hakumwokoi.

Vipimo vya damu na matamvua yake vilitoka kwa samaki wachache, wengi wao wafu, na si rahisi kutenganisha madhara ya joto na ya uchovu wa wavuni. Ila mwaka 2007 huko Manado, Indonesia, silikanti wa spishi ndugu aliishi takriban saa 17 baada ya kupandishwa. Aliyepasuka ndani hafiki huko.

Kwa hiyo kumrudisha majini akiwa hoi ni kuchelewa. Silikanti wa Tanga wamenaswa zaidi kwenye kina cha mita 50 hadi 150, na jike hukadiriwa kubeba mimba miaka mitano. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ipo tangu 2009. Jarife la kina lisitegwe kabisa kwenye miteremko yake.