Fockea edulis si roze ya jangwa, tuelewane leo

Kila mara mtu ananitumia picha kwenye WhatsApp: "Papa, roze ya jangwa yangu imekula mbolea yote, maua ya pinki yako wapi?" Hayapo! Hata uimwagie gunia zima la mbolea hayatakuja, juu hiyo si Adenium, yaani roze ya jangwa yenyewe, ni Fockea. Ni kweli zote ni za familia moja ya mimea, Apocynaceae, na zote zina tumbo nene, yaani ile sehemu ya chini iliyovimba, lakini angalia majani basi. Adenium tawi lake ni nene na majani yanazunguka, yanajikusanya huku nchani. Fockea majani yanatoka mawili mawili yanatazamana, kwenye vitawi vyembamba vinavyotafuta kitu cha kujiviringisha, chomeka kijiti kando utaona vinakipanda. Kata jani moja, maziwa meupe yanatoka hapo hapo. Maua inatoa, ila ni madogo ya kijani kijani, unaweza kupita bila kuyaona. Na kama majani yana mikunjo mikunjo pembeni, hiyo ni ndugu yake Fockea crispa, ile ambayo moja iko kwenye poti kule kwenye bustani za kasri la Schönbrunn, Vienna, zaidi ya miaka 200 sasa. Kwa hiyo wewe wa "mbona haikui haraka", tulia kwanza.

Kuchanganya hizi mbili si mchezo. Kiazi cha F. edulis Wakhoikhoi wa Afrika Kusini walikuwa wanakila, sasa mtu anasikia hiyo anaanza kuangalia Adenium ya jirani kwa njaa. Utomvu wa Adenium wawindaji wa Afrika Mashariki wanapaka kwenye mishale, una sumu ya moyo. Mimi nasema usile yoyote, mihogo iko sokoni.

Na haya maneno mengine mnayoniambia: "Tumbo likae juu ya udongo ndo linenepe." Kinyume kabisa. Porini linakaa ardhini, na likizikwa ndo linakua vizuri. Liinue kidogo kidogo kila ukibadilisha poti, na likishatoka lipate kivuli, jua waachie majani.

"Ina akiba ya maji, usiimwagie." Ikitoa majani mapya inywe, ikauke, inywe tena. Basi.

"Goma hatuna udongo wake." Jamani, si tunaishi juu ya lava! Chekecha changarawe ya lava, tupa vumbi, weka udongo kidogo, poti iwe na matundu chini, mvua zikizidi iingize chini ya mabati. Eti kuna wanaoagiza mfuko wa mawe ya volkano kutoka nje, tena kwa dola, na kiwanja chao kimejaa hayo hayo.