Jiko Halilali Hemani

Katika shamba dogo la kondoo huko Shropshire, magharibi mwa Uingereza, ambako kazi yangu ni kuwapokea wanaokuja kupiga hema kwenye malisho, kauli moja nimeisikia hadi nimechoka nayo, hasa kwa ndugu zetu wanaokuja na watoto kutoka Leicester na London: makaa yameshaiva, hayana moshi tena, kwa hiyo jiko likiingizwa hemani usiku halina madhara.

Lina madhara, tena makubwa kuliko lilipokuwa likifuka. Kinachoua si moshi bali kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo mkaa huitoa kwa wingi unapoungua polepole bila ndimi za moto, yaani wakati uleule unapofunikwa na jivu jeupe na mpishi akauona umetulia. Hewa hiyo huishikilia himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu huendelea kuzunguka bila kubeba oksijeni inayotosha. Kichwa huuma, tumbo huchafuka, viungo hulegea, na mtu aliyeendesha gari kutwa nzima husema ni uchovu wa safari, akalala.

Wengine hunijibu kwamba wameacha zipu wazi. Mwaka jana baba mmoja alinionyesha upenyo wake, usiozidi upana wa kiganja, na ndani yake, karibu na miguu ya mtoto aliyekwisha lala, ilikuwepo trei ya bati ya kuchomea nyama ambayo yeye aliiita baridi. Niliusogeza mkono juu ya jivu nikaurudisha upesi. Trei ya namna hiyo huweza kutoa sumu kwa saa kadhaa baada ya kuonekana imezimika, na watu wamekwisha kufa kwa njia hiyo kwenye kambi za Uingereza. Hili linanishangaza kwa sababu sisi si wageni wa jambo hili: kuanzia Limuru hadi Njombe, majira ya baridi yakifika, hukosi kusikia habari za watu waliolala na jiko wasiamke. King'ora cha kaboni monoksaidi ni kitu cha kuwa nacho, lakini si kibali cha kuingiza jiko. Kwangu jiko hubaki nje mpaka asubuhi, na kibaraza cha hema nakihesabu kuwa ni ndani.

Kinachowasukuma, bila shaka, ni baridi, kwa kuwa wamekuja wakiamini kwamba Julai ni kiangazi na kwamba ikibidi mablanketi yatatosha. Usiku wa Julai huku mashambani huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na joto la mwili hupotelea ardhini, mahali ambapo blanketi la juu halifiki. Godoro la kujaza upepo haliwasaidii, maana hewa iliyomo huzunguka na kulipeleka joto chini. Nunueni mkeka wa sponji ngumu, na mwenye mablanketi matatu atandike mawili chini yake ajifunike moja. Ushauri huu naurudia kila wiki, na kila wiki hupokewa kwa kicheko mpaka saa nane za usiku.

Malalamiko kwamba hema linavuja, ilhali mvua haikunyesha, hayahitaji maneno mengi: matone hayo ni pumzi zenu zilizogandia kitambaa baridi, basi fungueni matundu ya hewa.

Na wanaodhani kwamba njia ya umma inayokatiza shamba inawapa ruhusa ya kulala popote, wajue kwamba inawapa haki ya kupita tu. England, isipokuwa katika sehemu za Dartmoor, nyika ya kusini-magharibi, kupiga hema kunahitaji idhini ya mwenye ardhi. Sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 inayoruhusu kupiga hema nyikani, ambayo wengi huniletea kama hoja, haivuki mpaka. Mpitapo, geti mlilolikuta limefungwa lifungeni, na mlilolikuta wazi liacheni wazi, kwa maana huenda kondoo wanalitegemea kufika kwenye maji.